Kwenda na Kurudi kwa Gari la Umeme

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nikastaafu, na kazi ile iliniachia ugonjwa mmoja: mtu akijibu swali, kwanza naangalia kama amejibu lile aliloulizwa. Wengi hawajibu. Ukimuuliza mtu mpaka wa shamba lake uko wapi, atakueleza jinsi babu yake alivyokuwa mtu wa heshima. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume aliponipigia simu kutoka Kiranjeranje na kusema amepata gari, nikamwambia asitie sahihi mahali popote mpaka nimsikilize muuzaji mwenyewe.

"Ni la umeme, dada," akasema. "Pikapu. Halinywi mafuta hata tone."

"Na mimi sinywi mafuta," nikamwambia, "lakini huwezi kunipakia magunia ya ufuta."

Gari tulilihitaji kwa sababu ya mama. Anaishi Kiranjeranje katika nyumba waliyoijenga yeye na marehemu baba, jirani na mdogo wangu, na moyo wake umechoka. Daktari wa Lindi anataka kumwona kila mwezi. Mimi nakaa Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi, na nina chumba kilichokaa bure tangu wanangu waondoke. Nilitaka mama ahamie kwangu. Jambo hili sikulificha. Nililisema mbele ya watu na nikalisema tukiwa wawili. Jibu lake lilikuwa moja siku zote. "Hapa nikikohoa najua nani atanisikia," alisema. "Huko kwenu mtu anakohoa ndani ya geti."

Mwishowe tulikaa kikao, mama, mdogo wangu na mimi, na kama kawaida yangu nikakifunga kwa uamuzi. Mama atabaki kwake, ilimradi liwepo gari la kumfikisha kliniki. Siku gari litakaposhindwa kumfikisha, atahamia Mitwero na hakuna rufaa. Mama aliitikia kwa kichwa. Wakati ule mdogo wangu alikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu lakini inatembea, kwa hiyo uamuzi haukumtia mtu hofu. Kisha injini yake ikafa katikati ya msimu wa ufuta. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga tena, akakusanya spana zake. Nilimwonea mama huruma, lakini kusema kweli niliagiza chokaa na kuanza kupaka kile chumba.

Tulikwenda Dar es Salaam, mimi na mdogo wangu, kwenye yadi ya magari. Muuzaji alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na ulimi mwepesi. Alianza kwa kunivika kilemba cha ukoka, eti mama kama mimi ndiye mteja anayejua anachotaka. Nikamwacha amalize.

"Likijaa, linakwenda umbali gani?" nikamuuliza.

"Mama, hili utasahau kabisa mambo ya sheli."

"Sijauliza nitasahau nini."

Akacheka, akataja umbali. Mdogo wangu akahesabu kwa midomo, Kiranjeranje mpaka Lindi na kurudi, kisha akanitazama kwa furaha. Linakwenda na kurudi, na moto wa betri unabaki.

"Umbali huo ni likiwa tupu au limebeba?"

"Hapo inategemea, mama. Mzigo, milima, kiyoyozi, mguu wa dereva."

"Basi huo ulionitajia ni umbali wa nani?"

Alijikuna shingo. Nikajua sasa ndipo mazungumzo yanaanza. Akakiri kwamba ule ni umbali wa barabara tambarare na gari jepesi, na kwamba likipakia sana, huku linapanda kutoka bonde la Mbwemkuru, moto unapungua upesi. Kisha akauliza swali zuri, na sisi ndio tuliolijibu vibaya.

"Kwa kawaida mtakuwa watu wangapi?"

"Watatu," akasema mdogo wangu. "Mimi, mama, na mtu wa kumshika."

Sikumpinga. Na tangu nizaliwe sijaona pikapu ikitoka Kiranjeranje na watu watatu. Kwetu, gari likionekana limeelekezwa barabarani, watu hutoka na ndoo, mikungu ya ndizi, wagonjwa, na wageni wanaorudi kwao. Mwenye gari anayesema nafasi hakuna, wakati kila mtu anaiona ipo, siku ya msiba wake atazika yeye na nduguze tu. Sote wawili tulilijua hilo, na sote wawili tulisimama pale yadi tukahesabu kama watu waliozaliwa Ulaya.

Nikaja kwenye kuchaji. Kijana akasema tutachomeka tu nyumbani, kama simu.

"Simu haichemshi ukuta," nikamwambia. "Nyumba ya mama yangu ilitiwa nyaya umeme wa vijijini ulipofika. Ina taa na soketi moja ya televisheni. Nikichomeka gari pale, kitaungua nini kwanza?"

Hapo alijibu sawasawa, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema soketi ya televisheni isiguswe. Iwekwe laini yake peke yake, waya mnene kutoka kwenye mita, na swichi yake ya kujikata mzigo ukizidi. Tena lazima pawe na ethi, yaani fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini na kuunganishwa na waya, ili umeme ukivuja uingie ardhini badala ya kumwingia mtu. Kisanduku cha kuchajia kina akili, alisema. Kikikosa ethi kinawasha taa nyekundu na kinagoma. Na likiingia usiku likiwa tupu, litajaa asubuhi, si kabla.

"Na huko Lindi?"

"Hivyo hivyo, mama. Mkifika likiwa limechoka, liache lilale."

Nilimpigia mama simu jioni ile nikamweleza habari ya safari tu, ya nyaya nikaiacha. Nilimwambia siku ya kliniki gari litafika Lindi, na pengine litahitaji kulala Mitwero ndipo lirudi.

"Nani alale?" akauliza.

"Gari."

"Na mimi?"

"Tutaona, mama."

Mahakamani, shahidi aliyesema "tutaona" nilimwandika hivyo hivyo, na hakimu akija kusoma alijua la kufanya naye.

Gari lilipofika Kiranjeranje sikuwepo, lakini mdogo wangu alinieleza, na nilicheka mpaka nikakaa chini. Muuzaji wa Dar alikuwa na orodha yake ya maswali ya wateja. Yale ya kijijini hakuwa nayo. Je, mvua ikinyesha, waliokaa nyuma hawapigwi shoti? Mbuzi watajuaje kama gari linakuja, na wao wamezoea kukimbia mngurumo? Moto ukiisha katikati ya pori, litasukumwa, au kusukuma gari la umeme ni hatari? Mzee mmoja akauliza kama linafaa kubeba jeneza, maana kitu kinachokwenda kimya vile kitawachanganya watu wanaoitikia dua nyuma yake. Mdogo wangu akawajibu mmoja mmoja: hawapigwi shoti, mbuzi watapigiwa honi, halisukumwi bali linavutwa taratibu kwenye lori, na jeneza ruhusa. Kisha mtu akauliza betri nayo ikizeeka nani ataibadilisha, na hapo akarudia maneno ya muuzaji, ambaye naye swali lile alilipita pembeni. Alisema tu ni miaka mingi, na udhamini upo.

Fundi wa umeme nilimtoa Lindi, mtu ninayemwamini, aliyekuwa ameshanivutia laini kama hiyo kwangu. Alivuta waya mnene, akafunga swichi na soketi mpya ukutani upande wa nje, chini ya paa. Ikabaki ethi. Udongo wa pale ni mchanga na ulikuwa mkavu, na ethi haipendi ukavu. Akazunguka nyumba mpaka akapata sehemu moja yenye unyevunyevu: kona ya nyuma, nje ya dirisha la chumba cha mama, mahali anapotawadhia. Akachimba hapo. Akaweka mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe ili ardhi ishike maji, akaipigilia fimbo yake, akafukia, akapitisha waya ukutani. Ni kazi ya kawaida na ndivyo inavyofanywa. Mama siku ile alikuwa amekwenda kulala hitimani, kijiji cha jirani, na mdogo wangu alikuwa shambani. Fundi akamaliza, akajaribu, taa ikawaka kijani, akaaga watoto waliokuwepo, akaondoka.

Gari likachajiwa usiku mmoja bila tatizo. Siku ya pili yake mdogo wangu alichomeka, taa ikawaka nyekundu. Akachomoa, akafuta, akachomeka. Nyekundu. Akampigia muuzaji.

"Ethi ipo?" kijana akauliza.

"Ipo. Fundi ameifukia juzi."

"Basi labda ni chaja. Ileteni Dar."

Kliniki ilikuwa Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Mdogo wangu akanipigia na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba ahirisho. "Dada, gari limegoma. Usimwambie mama kama ndiyo limeshindwa." Nikamwambia bado sijaamua lolote. Kesho yake nikamchukua fundi, tukapanda basi la alfajiri.

Fundi alikagua swichi, akakagua soketi, akaipima, akakunja uso. Akafuata waya wa ethi kwa mkono kuzunguka nyumba mpaka kona ya nyuma. Waya ulikuwa umekatwa na kuning'inizwa kwenye msumari, vizuri, kama kitu cha wenyewe kinachotunzwa. Chini yake udongo ulikuwa umesawazishwa na kumwagiwa maji. Akachimba kwa jembe. Hapakuwa na fimbo, hapakuwa na mkaa, hapakuwa na chumvi.

"Imeibwa," mdogo wangu akasema. "Shaba hiyo, wameifuata wauza vyuma chakavu."

"Haikuibwa," mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. "Nimeitoa mimi."

Tukamgeukia wote. Akatuambia tukae, na tukakaa, hata fundi. Alieleza kwa utulivu kuliko mashahidi wote niliowahi kuwasikia. Alirudi kutoka hitimani kesho yake, akaenda kutawadha kwa ajili ya alasiri, akakuta udongo mbichi. Akauchokoa kwa kidole cha mguu, akaona mkaa. Akaonja, akakuta chumvi. Akamwita jirani yake, mama mmoja wa makamo anayelima naye, aje na jembe. Wakachimba wakakuta fimbo imesimama, imefungwa waya unaoingia kwenye ukuta wa chumba anacholala.

Kwetu, mtu akikuta vitu hivyo vimefukiwa kwenye kona ya nyumba yake haanzi kuulizia fundi umeme. Hicho ni kitu kilichowekwa. Kama si zindiko la kuilinda nyumba, ni cha kumfunga mwenye nyumba au kumhamisha. Mama ni mtu wa swala tano na husema haamini mambo hayo. Hata hivyo, yeye na jirani walisoma Yasini, wakaing'oa ile fimbo, wakakata waya kwa panga, na asubuhi yake wakampa muuza samaki anayekuja na pikipiki kutoka pwani aende akaitose baharini, kina kirefu.

"Ametosa?" fundi akauliza.

"Aliapa ametosa."

Fundi akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa anacheka, lakini kwa heshima.

"Mama," mdogo wangu akasema, "nani angekufukia kitu wewe? Nani ana ugomvi na wewe?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Chumba kimeshapakwa chokaa," akasema. "Nimesikia. Gari mmenunua ambalo likifika Lindi lazima lilale. Kisha natoka kidogo tu, narudi nakuta nimefukiwa kitu ubavuni pa kitanda. Mimi ningesemaje? Mkataa kwao mtumwa, na mimi kwetu sijapakataa. Mtu akitaka kunitoa aje mbele aniambie, asinichimbie."

Nilikasirika, na nilikasirika hasa kwa sababu alikuwa amezipanga sababu zake vizuri. Ningekuwa hakimu na sijui habari zangu mwenyewe, ningempa haki. Nikamweleza kwamba kitu alichokitosa baharini ndicho pekee kilichokuwa kinamweka pale nyumbani. Gari halichajiki bila hicho, na lisipochajika halifiki kliniki, na lisipofika kliniki anahama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimejihamisha mwenyewe," akasema.

"Bado. Kliniki ni Alhamisi."

Fundi alikuwa na fimbo nyingine kwenye mkoba wake, jambo la bahati. Safari hii mama alichukua kigoda akaketi penye shimo. Akauliza kila kitu kinafanya nini, na fundi akamjibu bila haraka. Ilipofika chumvi akasema aimwage yeye, akasema Bismillahi, akamwaga, akashindilia kwa kisigino. Akaomba tu mahali pake pa kutawadhia pasogezwe kidogo, na fundi akamwambia asisogeze, yale maji ndiyo yanayotakiwa. "Basi kila nikitawadha nalisaidia gari," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Taa ikawaka kijani. Nikarudi Mitwero na fundi wangu jioni ile ile.

Alhamisi niliwasubiri kwenye lango la hospitali. Pikapu ilikuja kimya, na kabla sijaona uso wa mdogo wangu niliona mzigo. Nyuma walikuwa wamejaa kama kawaida: mjamzito na mama mkwe wake, wanaume wenye magunia ya muhogo, mtu mwenye mbuzi, na wengine ambao hata yeye hakuwajua. Mama alikuwa mbele, na mapajani ana furushi kubwa lililofungwa kwa kanga mbili.

"Ulisema watatu," nikamwambia mdogo wangu.

"Dada, ningewaambia nini? Nafasi waliiona."

Kioo kilicho mbele ya dereva kilionyesha moto umeshuka chini sana ya nusu. Kurudi haiwezekani, si bila kuchaji mpaka usiku. Mama alimwona daktari, daktari akaridhika, akaongezewa dawa moja na akapunguziwa nyingine. Kisha tukaenda kwangu na kulichomeka gari. Mdogo wangu akajilaza ndani kwenye mkeka akashikwa na usingizi papo hapo.

Mama hakuingia ndani. Nilimwekea kiti barazani, mahali panapoonekana kisanduku cha kuchajia, na akaketi akiitazama ile taa ya kijani inavyowaka na kuzima. Nilimletea wali na samaki wa nazi. Alikula. Nilimwambia ajinyooshe kidogo kitandani, chumba kiko tayari, kina feni. Akasema ameshakiona kwa dirishani, ni kizuri, Mungu anibariki. Furushi hakulifungua.

Baada ya alasiri umeme ukakatika. Taa ya kijani ikazimika. Redio ya jirani ikazimika. Sehemu yote ikawa kimya.

Mimi nilifurahi. Nalisema kama lilivyokuwa. Moyo wangu ulirukaruka kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Nilimpenda mama yangu na nilitaka alale pale, chini ya ile feni, na kesho pia, na sasa hakuna mtu wa kulaumiwa. Nilipogeuka, mama alikuwa ananitazama usoni.

"Umezima wewe?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni mtaa mzima."

"Sijasema umezima. Nauliza." Akavuta furushi lake karibu. "Kikao kilisema gari likishindwa nahama. Sasa wewe karani niambie. Limeshindwa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi na ushahidi ulikuwepo: gari lile pale, halitembei, na jua linashuka. Mdogo wangu alikuwa amelala na asingenipinga. Mama naye asingekata rufaa. Alikuwa ameshaitikia kwa kichwa siku ile, na yeye neno lake halirudi nyuma. Alikuwa ananingoja tu, mikono juu ya furushi, uso umetulia. Wengi nimewaona wakingoja hukumu, na wenye haki mara nyingi hawatulii hivyo.

Lakini maneno ya uamuzi niliyatunga mimi, na niliyakumbuka. Nilisema gari limfikishe kliniki.

"Halijashindwa," nikamwambia. "Lilitakiwa likufikishe hospitali, na limekufikisha. Kurudi ni kesi nyingine."

"Basi hiyo nyingine itasikilizwa lini?"

"Sasa hivi. Vaa viatu."

Nilimwamsha mdogo wangu nikamwambia abaki na gari lake mpaka umeme urudi. Nikachukua furushi, likanishinda kwa uzito nikalibeba kichwani, tukaenda barabarani kungoja kosta inayokwenda Kilwa. Ilipokuja nikapanda naye. Sikutaka arudi peke yake na ule moyo. Njiani aliegemea bega langu akalala, na sikumbuki mara ya mwisho alipofanya hivyo.

Tulishuka Kiranjeranje magharibi inakaribia. Mlangoni kwake nilisubiri atoe ufunguo. Hakuutoa. Akaenda akapiga hodi kwa jirani, yule mama aliyechimba naye, na jirani alipofungua akabaki ameshika mlango.

"Umerudi?"

"Nimerudi. Naomba ufunguo."

Tulipoingia sikuelewa nilichokiona. Kitanda kilikuwepo, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Kinu hakikuwepo. Mtungi haukuwepo, wala masufuria, wala mbuzi ya kukunia nazi, wala kuku bandani. Nikamvuta jirani pembeni nikamuuliza kama wezi wameingia mchana.

"Wezi gani, dada?" akasema. "Jana alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, kama mtu anayekwenda Hija. Kila aliyemsamehe, mama akamwachia kitu chake kimoja. Alisema huko anakokwenda vyombo vipo."

Kwa hiyo asubuhi ile alipanda gari akiamini kwamba likilala Mitwero naye harudi tena, na hakuna aliyemvuta mkono apande. Barazani kwangu alikaa mchana mzima na kila alichobakiwa nacho mapajani, akiitazama taa inayowaka na kuzima, na wakati huo mimi nilikuwa namsifia feni. Niliumia. Nilikaa kwenye kizingiti.

Habari ilienea haraka. Akaja mtu na kinu. Akaja mtoto wa kike na masufuria, akaja mwingine na mtungi ukiwa tayari umejazwa maji. Kila mtu alikiweka kitu mahali pake pale pale bila kuuliza, kwa sababu nyumba ile waliijua. Mama alivipokea kama vitu alivyoazimisha tu, akiwauliza hali zao na za wagonjwa wao. Mimi nilifungua kamba ya godoro nikalitandika.

Mwisho jirani akachungulia mlangoni. "Mama, kuku wako nimeshawafungia kwangu, giza hili. Niwalete kesho?"

"Walete sasa hivi," mama akasema. "Wao wamezoea kulala kwao."

Nikainuka, nikaenda kusaidia kuwabeba.